Mashine Waliyoipaka Rangi

Nilikwenda kwenye ule mji wa pamba nikiwa na gauni zuri na roho mbaya. Gauni nilishonewa Makutano na fundi aliyenizungusha wiki tatu. Roho nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka tisa. Walimu wenzangu wa Ruiri hawakujua. Walidhani nimejitolea kupeleka wanafunzi wakapige ngoma kwa sababu napenda ngoma. Mimi ngoma siipendi hivyo. Nilikuwa namfuata mzee mmoja. Nilitaka kumwaibisha mbele za watu, na nilitaka niwe karibu ya kutosha kuuona uso wake wakati huo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa kikiulisha mji ule, kule chini Embu kwenye joto, kilikuwa kimefungwa miaka kadhaa. Wakulima waliacha pamba, mashine zikanyamaza, watu wakatawanyika. Halafu barua ikaletwa shuleni: ghala kuu la kiwanda linafunguliwa upya liwe nyumba ya utamaduni, na shule za Meru na Embu zinakaribishwa kuleta vikundi vya ngoma. Chini kulikuwa na jina la mwenyekiti na sahihi yake. Nililisoma mara moja tu. Mwalimu mkuu alipouliza nani ataandamana na watoto, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Baba yangu alishuka kutoka Kiirua kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda kile nikiwa mdogo. Kwetu Kiirua ni viazi, baridi na sweta. Kule ni jua na vumbi jekundu. Tulikaa kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja. King'ora kililia asubuhi, adhuhuri na jioni, na mama alipika kwa king'ora hicho, hakuhitaji saa. Manyoya ya pamba yaliingia kila mahali. Yalikuwa kwenye uji, kwenye blanketi, kwenye nyusi za baba. Jioni alirudi na kichwa cheupe kama babu, akinawa anakuwa kijana tena, nasi tulicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ulikuwa mji kweli wakati huo. Ulikuwa na hoteli tatu, fundi wa saa, mpiga picha mwenye pazia lenye bahari, na wauzaji wa ndizi waliotoka milimani kila siku ya mshahara.

Baba hakuwa mtu wa pombe. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Hakunywa ya chupa, na hakunywa ya asali, ambayo kule chini hata wazee wa kanisa waliionja kisha wakapangusa midomo na kuomba. Yeye alikunywa chai, ya maziwa mengi, na akiwa na furaha sana aliongeza sukari.

Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kuchambua. Ilikuwa na gogo refu lililovishwa ngozi, linalozunguka na kuvuta nyuzi, na kisu kilichopanda na kushuka kutenga mbegu. Pamba ikikwama, unahamisha mkanda wa injini kwa mkono wa chuma ulio pembeni, mashine inasimama, unaingiza mkono unatoa. Siku moja ilikwama. Baba alihamisha mkanda, akaingiza mkono. Kilichofuata tulikisikia usiku huohuo kupitia ukutani, kutoka kwa mama jirani aliyekuwa akichagua pamba karibu naye: kwamba nyapara alikuja mbio kwa sababu malori yalikuwa yamepanga foleni nje na wakubwa walikuwa njiani, na bila kuangalia akaurudisha mkanda mwenyewe. Baba alibaki na kidole gumba tu kwenye mkono wa kulia.

Ripoti ya nyapara ilisema mfanyakazi alikuwa amelewa. Mama jirani hakuthubutu kusema mchana alichotuambia usiku. Alikuwa na kazi ya kulinda. Tulirudi Kiirua kabla kidonda hakijakauka, na hadithi ya ulevi ilikuwa imetutangulia, inatungoja hapo dukani.

Wazee wa kanisa walimwita. Nilikuwepo, nimeshika koti lake.

"Ulikunywa?" wakamuuliza.

"Sikunywa."

"Sasa vidole vilikatwaje?"

Baba akauingiza ule mkono mfukoni.

"Lisemwalo lipo," mzee mmoja akasema, na wengine wakaguna kukubali. Huyo mzee nilimwekea alama moyoni, lakini zamu yake itafika. Walimwambia baba atubu ulevi wake mbele ya washiriki ndipo arudi kwenye Meza ya Bwana. Baba akajibu kwamba hawezi kutubia kitu ambacho hakukifanya. Wakamtenga.

Mtu mwingine angehama kanisa. Baba hakuhama. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, zaidi ya miaka ishirini. Kila Jumapili ya Meza, washiriki waliinuka wakaenda mbele, naye akabaki nyuma na watoto na wageni. Wageni walikuwa na nafuu: ni desturi yetu kuwasimamisha mwanzoni mwa ibada wataje majina yao na wanakotoka, kisha wapigiwe makofi. Baba hakupigiwa makofi na mtu. Mimi nilikaa naye hadi nilipothibitishwa kuwa mshiriki. Siku hiyo nilipita mbele ya magoti yake nikaenda kupokea mkate.

Nilimchukia nyapara, lakini baba naye alinikera. Nilimuuliza nikiwa mtoto, nikamuuliza nikiwa chuo cha ualimu, nikamuuliza nikiwa na watoto wangu: kwa nini husemi ilivyokuwa? Jibu lake lilikuwa lilelile. "Mwanangu, kuna mambo mtu akikuomba huwezi kumkatalia." Kisha anarudi kwenye viazi vyake. Alipanda kwa mkono wa kushoto. Ng'ombe alimshinda, mama ndiye aliyekamua. Watu wakimsalimia aliwanyooshea kiwiko, maana mkono wa kushoto ni kuwatukana na wa kulia haukuwa na cha kushika.

Basi hiyo ndiyo roho niliyoshuka nayo.

Mji sikuutambua. Hoteli mbili kati ya tatu zilikuwa zimeezuliwa mabati. Zile laini zetu zilikuwa zimeota miiba madirishani, na chumba chetu kilikuwa na mbuzi. Lakini ukifika kwenye lango la kiwanda, dunia inabadilika. Walikuwa wamepaka kuta chokaa na kuchora ngao, vibuyu na watu wanaoruka. Mahali pa mizani ya pamba, akina mama walikuwa wamekaa chini wakisuka viondo. Kwenye jukwaa la kupakilia marobota, vijana walikuwa wakikaza ngozi za ngoma kwa moto. Mizinga ya nyuki ilikuwa imening'inizwa kwenye vyuma vilivyokuwa vikibeba mikanda. Jenereta ilikuwa inanguruma, kuna kipaza sauti, kuna soda kwenye beseni la maji. Wanafunzi wangu walifurahi. Nakiri kwamba kama ningekuwa mtu mwingine, mtoto wa mtu mwingine, ningefurahi pia. Watu wale walikuwa wamekaa miaka bila kazi na bila sababu ya kuvaa vizuri, na siku ile walikuwa wamevaa.

Katikati ya ghala, juu ya saruji iliyoinuliwa, walikuwa wameiweka mashine ya baba.

Walikuwa wameipaka rangi ya kijani, nzuri, ya mafuta, na gogo lake wakalipaka nyekundu. Juu yake kulikuwa na kipande cha manila kilichoandikwa USIGUSE. Nikasema moyoni, mmechelewa zaidi ya miaka ishirini.

Na hapo ndipo alipotokea. Alikuwa amevaa kofia ya ngozi ya mbega, shuka begani, usinga mkononi. Nyapara wa zamani, aliyekuwa akitukana watu kwa Kiswahili cha kikoloni, sasa ndiye baba wa utamaduni. Alikuwa amenenepa vizuri. Wageni walimfuata, chifu mbele, wachungaji wawili, walimu, watoto, naye akawa anaelekeza usinga huku na huku.

"Hii mashine ilikuwa na kazi safi," akasema. "Ilikuwa inachambua pamba ya hii area yote. Haikuwa na shida na mtu. Iliuma mtu moja tu, mlevi fulani wa kutoka Meru."

Watu wakacheka. Wanafunzi wangu wakacheka pia, watoto niliowafundisha kusoma. Walikuwa wanamcheka baba yangu na hawakujua. Niliiweka mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

Nilikuwa na mpango. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari la mazoezi, kurasa mbili, nikaikariri kama shairi la shule. Nilikuwa nangojea wakati wa maswali. Lakini yeye mwenyewe alinipa kitu bora kuliko daftari.

Alitupeleka kwenye pembe ya mizinga, akakaa kwenye kigoda, akaanza kufundisha juu ya gichiaro. Bibi yangu aliwahi kunieleza nikiwa mdogo, lakini nilikuwa nimesahau nusu yake.

"Nyinyi vijana hamjui hii mambo," akasema. "Zamani koo mbili zikila kiapo, zinakuwa kama zimezaliwa na mama moja. Hiyo ndiyo gichiaro. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, unampa. Hata kama ni ng'ombe ya mwisho. Akikuuliza neno, humdanganyi. Ukimdanganya, wewe na watoto yako mnaisha kama sabuni kwa maji. Ukoo yangu mimi, gichiaro yetu iko huko juu Buuri." Akautaja ukoo.

Ulikuwa ukoo wa baba yangu.

Sijui niseme nilihisi nini. Nafikiri mwindaji akiona mnyama amejitia mwenyewe kwenye mtego huhisi hivyo. Nilifurahi, furaha mbaya, hadi masikio yakapata moto.

"Kama kuna mtu wa huo ukoo hapa," akaendelea, "asimame aniombe kitu. Chochote. Muone vile utamaduni inafanya kazi."

Baadaye nilifahamu kwamba walikuwa wamempanga mtu, dereva fulani, asimame aombe kibuyu cha asali, watu wapige vigelegele. Dereva alikuwa bado anakung'uta suruali yake wakati mimi tayari nimesimama.

"Mimi ni wa ukoo huo," nikasema. "Babangu ni wa Kiirua."

Vigelegele vikapigwa. Yeye akafurahi kikweli, akanyoosha mikono yote miwili. "Mwalimu, kumbe wewe ni wetu. Omba, mwanangu. Omba na usiogope."

"Nakuuliza kwa gichiaro. Yule mtu wa ile mashine alikuwa amelewa, ama hakuwa amelewa?"

Wachache wakacheka, wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Chifu akaangalia saa. Lakini akina mama wa viondo walisimamisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na wazee waliokuwa wamekaa ukutani wakaacha kuzungumza. Wale walijua kwamba hilo si la kuigiza.

"Hiyo ni mambo ya zamani, mwalimu," akasema. "Omba asali."

"Sitaki asali."

"Basi omba mbuzi. Nitakupa mbuzi leo, mbele ya chifu."

"Nimekuuliza kwa gichiaro."

Akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza. Nadhani alianza kuiona sura ya baba, kwa sababu nimeichukua, hata paji la uso. Akatafuta msaada kwa wale wazee wa ukutani na hakuna aliyempa. Ndipo akavua kofia ya mbega. Chini yake kulikuwa na upara wenye jasho, na bila kofia alikuwa mzee tu kama wazee wengine.

"Hakuwa amelewa," akasema.

"Sema iliyobaki."

"Alikuwa amesimamisha mashine. Mimi ndiyo nilirudisha mkanda. Sikuangalia." Akaikunja kofia mikononi. "Halafu nilimfuata hospitali. Yeye ni gichiaro yangu. Nikamwomba kwa gichiaro asiwahi kunisema. Nilikuwa na watoto wanne, wadogo sana."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilijua mbele ya watu mia moja, na jenereta inanguruma, kwa nini baba yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho miaka yote ile. Mtu aliyemkata vidole alimwendea kitandani akamwomba zawadi, na baba kwa sababu hakuweza kukataa alimpa jina lake jema. Mimi pia nilikuwa mtoto mdogo.

Chifu alisema ratiba imechelewa, wanafunzi wapige ngoma. Wakapiga. Sijui walipiga vipi.

Alinifuata kwenye lori wakati tunapanda. Alikuwa hajavaa kofia tena. Wale mama wa viondo walikuwa wamesimama nyuma yake kwa mbali wakitutazama.

"Mwalimu, mimi nimekupa uliyoomba," akasema. "Sasa na mimi nakuomba, kwa hiyo hiyo gichiaro. Huko juu kwenu, usitaje jina yangu."

Nilitaka kumtemea mate. Mimi ni mwalimu, nimebatizwa, ningeweza kumwambia kwamba mambo hayo ni ya kale. Lakini nilikuwa nimeyatumia saa mbili tu zilizopita na yalikuwa matamu. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Nikamwambia sawa, nikapanda lori.

Nyumbani nilimkuta baba kwenye banda, anachagua viazi vya mbegu. Mama alikuwa kwenye kigoda akimenya vya kula. Nikawaeleza kila kitu bila kuvuta pumzi, nikangoja. Nilikuwa nimengoja siku hiyo maisha yangu yote.

"Anaendeleaje?" baba akauliza.

"Nani?"

"Huyo ndugu yangu. Ana afya?"

Nilimwambia ana afya, amenenepa, amevaa mnyama kichwani. Baba akatikisa kichwa taratibu. "Na wewe amekuomba nini?"

"Nisitaje jina lake huku."

"Basi usilitaje."

Mama aliacha kumenya. Hakuwa akijua habari za hospitali, alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza. Alimtazama baba. "Kumbe ng'ombe nimemkamua mimi miaka yote hii," akasema, "kwa ajili ya mtu unayemwita ndugu." Akachukua karai lake akaingia ndani, na jioni ile tulikula viazi visivyo na chumvi na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Yule mzee wa lisemwalo lipo alikuwa ndiye mwenyekiti wao sasa, amezeeka, ana fimbo. Nikaeleza yote. Wakasikiliza vizuri.

"Na huyo nyapara anaitwa nani?" akauliza.

"Siwezi kumtaja," nikasema, na kuwaita waliosikia kule chini kungekuwa kumtaja.

"Umeambiwa na mtu, na huwezi kumtaja." Akacheka kidogo, akawageukia wenzake. "Huyu ni baba yake kabisa. Mwalimu, ushahidi bila shahidi tutaupeleka wapi?"

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya watu wawili, yangu na ya baba ambayo yeye alikataa kuitumia. Nilitembea kutoka kanisani hadi nyumbani bila kuona barabara. Nilipofika kwenye lango letu ndipo wazo likanijia, nikasimama pale nikacheka peke yangu, hadi mbwa akabweka.

Nilimwandikia barua. Sikuandika mengi. Nilisema: kwa gichiaro nakuomba uje kanisani kwetu Jumapili ya Meza ya Bwana, kisha ule chakula nyumbani kwa ndugu yako. Ahadi yangu ninaishika. Jina lako sitalitaja. Sikumwambia alete sweta.

Alikuja. Alishukia barabarani mapema, amevaa koti jembamba la kule chini, anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Baba alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake. Nilimwongoza mzee hadi pale, nikamwonyesha nafasi. Walitazamana. Baba akanyoosha mkono wa kulia, ule wenyewe ambao hakuwahi kumpa mtu, na yule mzee akakishika kidole gumba kwa mikono yake yote miwili, hakukiachia mpaka wimbo ulipoanza. Baba akavua skafu yake akamfunga shingoni. Nilikasirika kwa sababu ya ile skafu. Niliifuma mimi.

Baada ya wimbo wa pili, mwenyekiti wa wazee akasimama na fimbo yake. "Kama kuna wageni kati yetu, tunaomba wasimame, watuambie majina yao na wanakotoka, tuwakaribishe."

Msichana mmoja alisimama, mgeni wa shangazi yake, kutoka Nanyuki. Makofi. Halafu hakuna mwingine aliyesimama. Mimi nilikuwa naangalia mbele. Nilijua kwamba watu wote wameona uso mgeni kwenye benchi la mwisho, na mwenyekiti alikuwa akimtazama kwa tabasamu la ukarimu, yule mtu wa lisemwalo lipo, hajui anakaribisha nini. Mgeni wangu asingeweza kudanganya. Pembeni yake alikuwa amekaa gichiaro wake, na skafu yake iko shingoni.

Nikasikia benchi likilia. Akasimama.

Alitaja jina lake. Alilitaja lote, la ubatizo, la kwao na la baba yake. Alitaja anakotoka. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akasema karibu sana, na wakangoja akae ili ibada iendelee. Hakukaa. Alibaki amesimama, ameshika benchi la mbele, na nilimwona anamtazama baba, na baba hakumpa ishara ya kusema wala ya kunyamaza.

"Mimi ndiyo nilikuwa nyapara ya huyu mzee," akasema. "Huyu mzee hakunywa."

Kisha akaeleza. Kiswahili chake kilivunjikavunjika na hapa na pale akaingiza lugha ya kwao, lakini hakuna aliyepotea. Alisema mkanda, alisema malori, alisema hospitali. Mama yangu upande wa wanawake alikuwa amefunika uso kwa leso. Mwenyekiti alikaa kabla hajamaliza, ameiegemea fimbo, anaangalia sakafu, na niliutazama uso wake kwa raha niliyokuwa nimeiwekea akiba.

Mchungaji hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishuka madhabahuni, akatembea hadi nyuma, akamshika baba kiwiko, wakaenda mbele pamoja. Baba alipokea mkate kwenye kiganja cha kulia akaukandamiza kwa gumba usianguke. Mimi siku hiyo sikwenda. Nilibaki kwenye benchi la mwisho kando ya mgeni, tukawa wawili.

Kila mtu aliniambia baadaye kwamba sasa nimepata amani. Nilingoja nione kama ni kweli. Tulipofika nyumbani chakula kilikuwa tayari, mukimo na nyama ya mbuzi, na baba akamkalisha mgeni kwenye kiti chake mwenyewe. Akaniita ninawishe watu mikono, nianze na ndugu yake.

Nilichukua birika la maji ya moto kiasi na beseni na sabuni, nikapiga goti mbele yake kama binti aliyelelewa vizuri. Akanyoosha mikono. Nilimmiminia polepole, naye akasugua, na nikawa namhesabia vidole. Vilikuwa kumi, vizima vyote, na kucha zake zilikuwa safi. Nikarudia kutoka mwanzo.

"Mwanangu," baba akasema, "maji yametosha."

Niliendelea kumimina.